Siku Tatu Nilizomnyamazia Clarisse

Nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, nimekaa kwenye kiti changu nyuma ya nyumba, redio bado sijaiwasha, na kutoka upande wa pili wa ukuta wa jikoni ikaja sauti ya mate yakitemwa kwenye kopo la bati. Kimya kidogo. Tena mate. Kimya. Tena. Hakikuwa kikohozi, wala hakuwa mtu anayepiga mswaki. Yalikuwa mate membamba, mengi, ya mtu ambaye kinywa chake kinajaa maji bila kula wala kunywa.

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya uuguzi, mkifika umri wangu mtanielewa. Sikio lilijibu kabla akili haijauliza: mwanamke huyu ana mimba, nayo ni changa, ya wiki sita, labda saba.

Mwanamke huyo alikuwa Clarisse, mke wa mwanangu Kalenga. Walikuwa wameoana miaka minne, wakiishi nasi hapa Katuba, katika vyumba viwili vya nyuma vya parseli, yaani kiwanja chetu, na kwa miaka yote minne hawakupata mtoto. Nilipoyasikia mate yale nilifumba macho nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Nimelijutia tabasamu lile kuliko makosa yote niliyoyafanya nikiwa nimevaa bluzi nyeupe ya uuguzi, na makosa hayo hayakuwa machache. Lakini ngojeni kwanza niwaambie sikio hilo nililipata wapi.

Nilipoanza kazi katika kituo kimoja cha afya, nilikuwa mwanaume pekee upande wa wajawazito. Mkubwa wetu alikuwa mkunga mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukemea, aliyeitwa Mama Veronika. Hatukuwa na vile vipimo vya kuchovya kwenye mkojo, wala mashine ya kumwonyesha mtoto kwenye kioo. Tulikuwa na benchi, pazia na mikono yetu. Mama Veronika alipenda kukaa nyuma ya pazia kila asubuhi, kabla ya kumwita mtu wa kwanza, akisikiliza tu.

"Sikiliza benchi," aliniambia siku ya kwanza. "Ule wa kwanza anatema mate. Ule mwingine anapiga miayo, na jua haiyapanda hata kidogo. Na ule wa mwisho, unasikia anavyotafuna? Iko na bulongo mu mufuko."

Bulongo ni ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa mafungu. Mwanamke ambaye mwaka mzima hakuugusa, ukimwona ananunua fungu na kulificha chini ya kitambaa, basi weka akilini. Weka akilini pia yule anayeikimbia harufu ya makayabu kwenye mafuta, samaki aliokuwa akiwapenda hadi juzi. Yule anayelala saa nne ya asubuhi na kichwa chake juu ya meza. Yule anayekwenda chooni mara tatu kabla zamu yake haijafika, na anayejikunja mtu akimgusa kifua kwa bahati mbaya. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nazitambua mimba kama wauza avoka wanavyolitambua lililoiva bila kulibonyeza, na nikaanza kujivuna.

Mama Veronika aliyaona majivuno hayo mapema. Siku moja baba mmoja, mtu wa heshima, mfanyakazi wa pale chuoni Kasapa, alimleta binti yake. Alisema mtoto ana malaria isiyopona. Nilimtazama msichana, nikaona jinsi alivyoziba pua wakati dawa ya kusafishia sakafu ilipopita. Nikauliza palepale, baba amesimama pembeni, kofia mkononi: "Mwezi wako wa mwisho uliuona lini?"

Msichana aliangalia viatu vyake. Akasema, "Juzi." Baba akaniangalia kama anayetaka kunimeza. Wakaondoka na vidonge vya malaria.

Mama Veronika alinivuta nyuma ya pazia akanishika sikio, mimi mtu mzima mwenye ndevu.

"Weye, nani alikutuma kuuliza swali ya ndani mbele ya baba yake?"

"Lakini Mama, ulisema tuulize."

"Nilisema uulize muntu, sikusema uulize familia! Toa bote inje. Funga mulango. Kaa pembeni yake, usikae mbele yake kama juji. Kisha uulize."

Na kweli, wiki iliyofuata msichana alirudi peke yake. Tulifunga mlango, nikakaa pembeni, nikamuuliza tena, akalia, akasema.

Kuanzia hapo swali lile likawa mali yangu. Mama Veronika aliniongezea na la pili, na hili liandikeni mahali msipolipoteza. Ukishauliza mwezi wa mwisho ulikuwa lini, uliza: ulikuwa kama mingine yote? Kwa sababu kuna damu kidogo, ya siku moja, ya rangi ya kahawa, inayokuja wakati mimba tayari ipo. Mwanamke anaihesabu kama mwezi wake, na wewe unaihesabu pamoja naye, mnapotea wote wawili. "Mate haiko mimba," alizoea kusema Mama Veronika. "Minyoo inatemesha mate. Malaria inatapisha. Njaa inalaza. Mwanamuke mwenyewe njo anajua. Uliza yeye."

Baadaye vilikuja vile vipimo vya kuchovya, mistari miwili, mstari mmoja, na sisi wazee tukafikiri kazi yetu imekwisha. Haikwisha. Asubuhi moja dereva mmoja alikuja na mkojo ndani ya chupa ya soda, akasema ni wa mke wake, mke ana kazi nyingi hawezi kufika. Nilichovya. Mistari miwili. Dereva alicheza katikati ya kituo, akatununulia wote soda, na wallahi nilikunywa ile yangu kwa uangalifu mkubwa. Kesho yake mapema mke akatokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Njo weye munganga ulimupima mukojo yangu?"

"Ndiyo, mama. Pongezi."

"Pongezi ya nini? Mi sikutoa mukojo! Ile mukojo iko ya nani?"

Benchi zima lilikuwa na majibu, kila mtu na lake. Yule mke alimngoja mumewe kwenye lango la kituo hadi mchana, na mimi nikajifungia chumba cha dawa nikihesabu vidonge ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa. Tangu siku ile niliwaambia wanafunzi wangu: msipime chupa, pimeni mtu. Mtu akae mbele yako, asikie swali kwa masikio yake, ajibu kwa kinywa chake.

Ninawaambia haya yote ili muelewe kwamba sikukosa kujua. Mtu asinitetee kwa kusema mzee alisahau. Nilipostaafu, majirani waliendelea kuja hapa nyumbani, na kila mwanamke aliyelalamika tumbo nilimuuliza swali langu bila kupepesa macho. Niliwauliza wake za wachungaji. Nilimuuliza mwalimu aliyekuwa na mvi. Mtu mmoja tu sikuweza kumuuliza, na huyo aliishi hatua ishirini kutoka kwenye kiti changu.

Baadhi yenu mmekulia kwenye nyumba ambazo baba mkwe na mke wa mtoto wanakula meza moja na kutaniana. Sisi tulilelewa na buko. Buko ni heshima ya wakwe, nayo ina sheria zake zisizoandikwa. Clarisse hakukaa kwenye kiti nikiwepo. Sikuingia vyumba vyao hata siku moja. Kama nina kitu cha kumpa, nakiweka juu ya kigoda na kurudi nyuma, naye anakuja kukichukua. Maneno ya mwili wake yalipitia kwa mke wangu, Mama Kalenga, kama maji yanavyopitia kwenye bomba. Mimi kumuuliza mke wa mwanangu kuhusu mwezi wake! Wazee walionizaa wangesema nimemvua nguo mbele ya watu.

Sasa tazameni jinsi siku zilivyopangika. Mama Kalenga alikuwa Likasi kwenye kilio cha dada yake, angerudi Ijumaa. Kalenga alikuwa Kasumbalesa, ambako ni wakala wa forodha. Malori yakiwa mengi mpakani, wiki nzima hatumwoni. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na Clarisse, na ukuta wa jikoni kati yetu.

Jumanne nilikuwa na furaha tu. Nilijiambia, Ijumaa Mama atarudi, atamuuliza, tutajua. Nilianza hata kutafuta jina.

Jumatano Clarisse alisimama nje ya mlango wa sebule, uso ameuelekeza upande wa ua, kama kawaida yake.

"Papa, unisamehe. Hauna dawa ya malaria?"

"Una homa?"

"Homa haiko mingi. Ni mwili tu. Na tumbo inaniluma kidogo, huku."

Hakunionyesha wapi. Lakini alipogeuka kuondoka nilimwona akitembea ameinamia upande wa kulia, kiganja kimebana chini ya kitovu, upande mmoja tu. Vijana, mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, mwenye dalili za mimba changa na maumivu ya upande mmoja, hilo silo jambo la kungoja. Mimba inaweza kuwa imekaa nje ya nyumba yake, kwenye mrija wa uzazi, na mrija ni mwembamba, siku moja utapasuka. Nililifundisha somo hilo miaka na miaka. Nililiandika ubaoni kwa chaki nyekundu.

Na siku hiyo nilifanya nini? Nilihesabu vidonge vya malaria, nikaviweka juu ya kigoda, nikarudi nyuma.

Sikukaa kimya kabisa. Nilimpigia Mama Kalenga simu. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na nyimbo za kilio na wanawake wakiulizana maji yako wapi.

"Kuko nini?" akauliza. "Clarisse iko muzuri?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Lakini nilijua simu yake anaiwekaga sauti ya juu, na pembeni yake wamekaa shangazi na binamu wote, na mimba ya wiki sita haitajwi mbele ya macho mengi. Kwetu ni siri ya mama na mkwe wake hadi tumbo lijiseme lenyewe. Nikasema, "Yuko muzuri. Malaria kidogo. Utarudi Ijumaa?"

"Ijumaa asubuhi."

"Basi tutakungoja."

Tazameni maneno hayo: tutakungoja. Nilimsemea Clarisse bila kumuuliza kama yeye anaweza kungoja.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijifariji kwa njia zote zinazojulikana na waoga. Nikasema labda ni minyoo. Nikasema labda sikusikia vizuri, sikio limezeeka. Nikasema hata nikimuuliza, ataona haya, atanyamaza, nitakuwa nimevunja heshima bure. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonilaza.

Alhamisi, jua likiwa juu kabisa, nilitoka kwenda kuchota maji ya kunawa. Clarisse alikuwa ameketi chini karibu na bomba, mgongo kwenye ukuta, miguu ameinyoosha kama mtoto. Ndoo ilikuwa inafurika na yeye hakulifunga bomba. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Papa," akasema, "bega inaniluma."

Si tumbo. Bega. Yeye hakujua neno hilo lina maana gani, lakini mimi nilijua, nanyi mjue: damu ikimwagika ndani ya tumbo, inapanda, inachokoza chini ya mbavu, na maumivu yanatokea begani. Mwanamke mwenye mimba changa akikwambia bega linamuuma, usitafute dawa ya kuchua. Tafuta gari.

Nilimbeba. Mikono hii ambayo miaka minne haikumpa hata glasi ya maji ilimbeba hadi barabarani, kichwa chake shingoni mwangu, na majirani wakatoka kuangalia. Teksi ilisimama. Na mle ndani ya teksi, mbele ya dereva nisiyemjua na mama mmoja aliyekuwa na gunia la makaa, nilipiga kelele swali langu: "Clarisse, mwezi wako wa mwisho uliuona lini? Lini? Ulikuwa kama mingine?" Dereva alizima muziki. Clarisse alifungua macho, akayafunga. Hakuwa na nguvu ya kujibu.

Hospitalini daktari alikuwa msichana mdogo, miwani imemshuka puani. Alimshika mshipa, akabonyeza tumbo, akawaita wenzake, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa adabu: "Papa, mwezi wake wa mwisho ulikuwa lini?"

Nikasema, "Sijui."

"Na maumivu yalianza lini?"

"Jana."

"Jana?" Aliandika. Ningependa angenikemea.

Clarisse alipona. Walimpasua, wakamwongezea damu, wakautoa mrija wa kulia uliokuwa umepasuka. Daktari alitueleza, mimi na Kalenga aliyefika na vumbi la barabara usoni, kwamba mrija wa kushoto haukuonekana mzuri, umeshikamana na nyama za pembeni. Mtoto anaweza kuja, akasema, lakini tusiweke tumaini kubwa. Kalenga aliuliza kama kufika mapema kungebadilisha kitu. Msichana yule aliniangalia mara moja, haraka, kisha akaangalia karatasi zake. "Jumatano," akasema, "pengine tungeuokoa ule mrija."

Mwanangu hakuelewa kwa nini nilitoka nje.

Watu walikuja kutupa pole. Wote walisema hakuna aliyejua. Mama Kalenga alilia akajilaumu kwa sababu alikuwa Likasi. Nilimwacha ajilaumu. Hilo nalo liandikeni kwenye hesabu yangu. Kwa miezi mitano niliketi kwenye kiti changu nikisikia watu wakisema hakuna aliyejua, nami nikitikisa kichwa pamoja nao kama mtu anayekubali.

Kisha Kalenga akapata nyumba Kasumbalesa, wakaamua kuhamia huko. Asubuhi ya kuondoka, mwanangu na mama yake walikuwa nje wakifunga godoro juu ya gari, wakibishana kuhusu kamba. Clarisse alikuja kuniaga. Alisimama pale mlangoni pa sebule, uso ameuelekeza uani.

"Papa, sisi tunaenda."

Nikasema, "Clarisse, ngoja. Nilijua. Tangu Jumanne nilijua una mimba. Na Jumatano nilijua ni mbaya."

Nje, Mama Kalenga alikuwa akimwambia mtoto wake kamba ile hata mbuzi haiwezi kumfunga. Kisha Clarisse akaingia. Akavuta kiti, akaketi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote akanitazama usoni. Nikaona kwamba macho yake ni ya rangi ya kahawia iliyofifia kidogo. Sikuwa nimelijua hilo.

"Ju ya nini haukuniuliza?"

"Buko, mama. Niliona utapata haya. Niliona hautanijibu."

Alitikisa kichwa polepole.

"Jumatano, mbele ya kukuomba dawa, jirani alikuja hapa kwa lango. Mi nilikuwa napeta muchele. Nikasikia unamuuliza mwezi yake. Nikaacha muchele. Nikasema, munganga iko hapa nyumbani, sasa niende, ataniuliza na mimi. Njo nikakuja kuomba dawa. Malaria sikukuwa nayo, Papa. Nilijua haiko malaria. Nilikuja ju uniulize."

Nikakiangalia kile kigoda nilichomwekea vidonge.

"Ungeniuliza, ningekuambia yote. Damu kidogo niliyoona, siku niliyoona, upande unaoniluma. Mi sikukuwa na haya," akasema, bila hasira, kama anayemrekebisha mtu aliyekosea njia. "Haya ilikuwa yako."

Kutoka nje Kalenga aliita kwamba gari liko tayari. Clarisse alisimama, akakirudisha kiti mahali pake, akaokota mfuko wake wa vyombo. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia alipofika mlangoni. Akatoka. Akaufunga mlango nyuma yake.